Mwongozo kamili: Intaneti ya uhakika ndani ya gari-nyumba

Malalamiko yanafanana kila mara. Mtu amenunua ruta nzuri, amefunga antena juu ya paa, bando analo la kutosha, halafu asubuhi ya kwanza akiwa ameegesha mbali na mji mkutano wa video unaganda. Anaamini ruta ni mbovu. Ananunua nyingine, nayo inaganda vilevile.

Mara nyingi ruta haina kosa lolote. Vifaa vilinunuliwa kabla ya kupima, na laini mbili alizonazo zinategemea mnara uleule. Hapa tutakwenda kwa utaratibu mwingine: tunapima kwanza, tunatafuta njia mbili za intaneti ambazo haziwezi kukatika kwa sababu moja, na kutoboa paa kunakuja baadaye sana. Tafadhali usiruke hatua ya 2. Hiyo ndiyo inayookoa pesa kuliko zote.

## Vitu vya kuandaa

Vya kuanzia:

- Simu janja isiyofungwa kwa mtandao mmoja
- Laini za kulipia kabla, za mitandao miwili au mitatu tofauti
- Daftari na kalamu

Vya kufunga, ukishapima:

- Ruta ya laini ya simu yenye matundu ya antena ya nje, inayopokea umeme wa betri moja kwa moja (volti 9 hadi 30)
- Antena ya paa
- Waya wa umeme wa shaba, fyuzi na kishikio chake
- Mita ya kupimia volti
- Gundi ya kuzibia maji inayostahimili jua
- Rangi ya kuzuia kutu, kama paa ni la chuma

Kwa wanaokwenda mahali pasipo na minara: dishi la setilaiti, na akiba ya kutosha ya betri ya kulilisha.

## Hatua ya 1: Andika mahitaji yako kwa namba

"Nataka intaneti ya kasi" haikusaidii kuchagua kitu. Andika unachofanya kwa siku, kisha kibadilishe kuwa namba.

Mkutano wa video wenye picha safi unataka takriban Mbps (megabiti kwa sekunde) 3 hadi 4 za kupakia, yaani kutuma, na kiasi kama hicho cha kupakua, yaani kupokea. Watu wengi hutazama kupakua tu, na hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu kupakia ndiko hufa kwanza ukiwa mbali na mnara. Simu au ruta yako hurusha kwa nguvu isiyozidi miliwati 200 hivi, ilhali mnara hurusha kwa makumi ya wati. Unausikia mnara vizuri, wenyewe haukusikii.

Upande wa data, saa moja ya mkutano wa video hula kati ya GB 1 na 2.5. Filamu ya ubora wa juu hula hadi GB 3 kwa saa, na ile ya 4K inaweza kufika GB 7. Saa 3 za mikutano kwa siku, siku 20 za kazi, kwa wastani wa GB 1.5 kwa saa, ni GB 90 kabla hujatazama chochote jioni.

Utajua umefaulu ukiwa na namba tatu kwenye daftari: Mbps za kupakia unazohitaji, GB za mwezi mzima, na saa ambazo mtandao hauruhusiwi kukatika kabisa. Hiyo ya tatu ndiyo itakayoamua kama unahitaji njia moja au mbili.

## Hatua ya 2: Soma mawimbi kwa namba

Vile vipau vya mtandao juu ya kioo cha simu havina kipimo cha pamoja. Kila kampuni huvichora inavyotaka. Simu moja itakuonyesha vipau vitatu mahali ambapo nyingine inaonyesha kimoja, na zote ziko kwenye mnara mmoja.

Kwenye Android, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, halafu Hali ya SIM. Utaona namba yenye dBm mwishoni. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Programu kama CellMapper na Network Cell Info pia zinaonyesha namba hizi kwenye Android.

Tafuta namba mbili.

RSRP ni nguvu ya mawimbi. Ni namba hasi, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kuanzia −85 kwenda juu ni nzuri sana. Kati ya −85 na −100 unafanya kazi bila shida. Kati ya −100 na −115 ni dhaifu. Ikishuka chini ya −115, unaning'inia.

SINR ni usafi wa mawimbi: yanazidi kelele, yaani mawimbi mengine yanayoyaingilia, kwa kiasi gani. Juu ya 20 ni safi kabisa, 10 hadi 20 ni nzuri, chini ya 10 kasi inaanza kuporomoka, na chini ya 0 kelele imeshinda.

Kumbuka dB hazihesabiki kama mita au kilo. Ukipoteza dB 3, nguvu imebaki nusu. Ukipoteza dB 10, imebaki sehemu moja ya kumi.

Sasa fanya jaribio hili, ni la dakika kumi. Simama nje ya gari, simu mkononi, subiri namba itulie, andika. Ingia ndani, funga mlango na madirisha, kaa kwenye meza unayofanyia kazi, subiri tena, andika. Gari la bati, au lenye kuta zilizowekwa karatasi ya alumini ya kuzuia joto, linaweza kula dB 10 hadi 20. Tofauti hiyo ndiyo zawadi utakayopata kwa kutoa antena nje, na sasa unajua ukubwa wake kabla hujatoa senti.

Pima kasi pia, mara mbili: asubuhi na tena kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wote wakiwa mtandaoni. Halafu soma majibu hivi:

- RSRP mbaya, kasi mbaya. Mawimbi hayakufikii. Antena ya nje itasaidia sana.
- RSRP nzuri, SINR mbaya. Minara inaingiliana. Antena ya kuelekeza upande mmoja inaweza kusaidia, au kubadilisha bendi, yaani masafa ya redio ambayo ruta na mnara hutumia.
- Zote mbili nzuri, lakini usiku kasi inakufa. Mnara umejaa watu. Hakuna antena duniani itakayotibu hilo. Dawa ni mtandao mwingine au setilaiti.

Hali ya tatu ndiyo inayowamalizia watu pesa. Kambi ikijaa wikendi, mnara mmoja wa kijijini unabebeshwa mamia ya watu, na antena kubwa juu ya paa lako inakuweka tu mbele kidogo kwenye foleni isiyosogea.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kwa kila mahali ulipopima, ni ipi kati ya hali hizo tatu inayokusumbua.

## Hatua ya 3: Chagua laini mbili zenye minara tofauti

Katika nchi nyingi kuna kampuni za simu zisizo na mnara hata mmoja. Zinakodi mtandao wa kampuni kubwa na kuuza kwa jina lao. Kwa hiyo unaweza kuwa na laini mbili, nembo mbili, bili mbili, na mnara mmoja. Mnara ukizimika umeme, zote mbili zinakufa sekunde ileile.

Kabla ya kununua, tafuta kampuni inakodi mtandao wa nani. Habari hii haifichwi. Hata baada ya kuweka laini kwenye simu, CellMapper itakuonyesha namba ya mtandao unaokuhudumia. Laini mbili zenye namba moja ni njia moja. Na angalia pia nafasi yako kwenye foleni: baadhi ya kampuni zinazokodi huwekwa nyuma ya wateja wa kampuni mwenyeji mnara unapojaa.

Soma masharti kwa makini kuhusu mambo haya:

- Kutumia laini ndani ya ruta. Bando nyingi za simu "zisizo na kikomo" huruhusu kugawa data kwa kiasi kidogo tu, kisha kasi hushushwa.
- Kiwango cha matumizi ambacho baada yake unapunguziwa kasi.
- Mahali. Kifurushi cha intaneti ya nyumbani kinaweza kufungwa kwenye anwani moja, na kikagoma ukihama.
- Kuvuka mpaka. Ukiwa nchi nyingine kwa laini ya nyumbani, data yako mara nyingi huzunguka hadi nyumbani kwanza ndipo iende mtandaoni, na mazungumzo ya video yanachelewa. Laini ya nchi uliyomo haina mzunguko huo. Andaa pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi husajili kila laini.

Anza na laini za kulipia kabla. Mkataba wa miaka miwili usiusaini kwa kutazama ramani ya kampuni. Ramani hizo huchorwa kwa hesabu za kompyuta, na bonde unaloegesha huenda hesabu hazikuliona.

Kama unapenda eSIM, yaani laini isiyo na kadi, hakikisha ruta unayoiwaza inaikubali. Nyingi bado zinataka kadi.

## Hatua ya 4: Ruta

Swali la kwanza la kuuliza muuzaji: ina modemu (sehemu inayozungumza na mnara) ngapi? Ruta nyingi zinazotangazwa kuwa na "laini mbili" zina matundu mawili ya kadi na modemu moja. Laini moja inafanya kazi, nyingine imelala. Ya kwanza ikikata, modemu inalazimika kujisajili upya kwenye mtandao wa pili, na hiyo inaweza kuchukua nusu dakika au zaidi. Kwa kutazama filamu si neno. Kwa mtu anayehojiwa kazini ni balaa. Ukihitaji kuhama papo kwa papo, tafuta ruta yenye modemu mbili, au ruta moja pamoja na njia nyingine kama setilaiti.

Mengine ya kukagua:

- Bendi. Masafa ya chini, kama 700, 800 na 900 MHz, husafiri mbali na kupenya miti. Ya juu, kama 1800, 2600 na 3500 MHz, hubeba data nyingi lakini kwa umbali mfupi. Linganisha orodha ya bendi za ruta na zile zinazotumika unakokwenda. Ruta iliyotengenezwa kwa bara lingine inaweza kukosa ile bendi moja inayofika vijijini.
- Volti. Betri ya "volti 12" haikai 12. Hushuka karibu na 11 ikiisha na kupanda hadi 14.6 ikichajiwa. Ruta inayotaka volti 12 kamili itazimazima au kuungua.
- Joto. Ruta za nyumbani huishia nyuzi 40 za Selsiasi. Kabati la gari lililo juani hupita hapo mchana mmoja tu. Za viwandani hustahimili hadi nyuzi 70 na zaidi.
- Kupokea Wi-Fi ya nje, ili utumie ya kambini.
- Kujiwasha upya yenyewe mtandao ukikwama.

Je, 5G ni lazima? Kwa safari za vijijini, ruta nzuri ya 4G yenye bendi kamili inaishinda ya 5G isiyo nazo. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, iweke kwenye bendi na modemu.

## Hatua ya 5: Umeme

Ruta ikizima kila pampu ya maji inapowaka, wengi hulaumu mtandao. Anzia kwenye umeme.

Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku la fyuzi au betri ya nyumba (ile inayolisha vifaa vya ndani, si ya injini), usiuunganishe na taa wala pampu. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata. Tenganisha betri kabla ya kushika chochote.

Epuka kupitisha umeme kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) kisha kuurudisha kwa adapta. Inveta yenyewe, hata isipolisha kitu, inaweza kula wati 10 na zaidi, kuliko ruta unayoilisha.

Hesabu ya matumizi ni rahisi. Ruta ya wati 8 ikiwaka saa 24 hula Wh (wati-saa) 192, yaani Ah (ampea-saa) 16 kwenye betri ya volti 12. Dishi la kawaida la Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, wati 75 kwa saa 10, ni Wh 750, karibu Ah 63. Starlink Mini, yenye wastani wa wati 30 hivi, ni Ah 25 kwa saa hizohizo. Linganisha na paneli zako za sola katika siku ya mawingu.

Unene wa waya nao una maneno yake. Waya wa milimita za mraba 1.5, kwa umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, unatosha ruta bila wasiwasi. Dishi linalovuta ampea 6 kwenye waya huohuo litapoteza volti 0.7 njiani, na betri ikishuka kidogo tu dishi litajizima. Waya wa milimita za mraba 4 unapunguza hasara hiyo hadi karibu volti 0.26.

Utajua umefaulu ukipima volti kwenye plagi ya ruta huku pampu, taa na friji vyote vimewaka, na namba isishuke zaidi ya nusu volti.

## Hatua ya 6: Antena

Kwanza, jaribu bila kutoboa. Ishikize antena juu ya paa kwa utepe wa gundi, pitisha nyaya dirishani, unganisha ruta, soma RSRP na SINR kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta. Linganisha na namba za simu ulizoandika nje ya gari. Kama hujapata nafuu ya maana, kuna tatizo kwenye nyaya au viunganishi, na ni afadhali ulijue sasa.

### Ipi?

Antena ya duara, ile bapa au yenye umbo la kifuniko, hupokea pande zote. Ifunge mara moja uisahau. Ndiyo inayowafaa wengi.

Antena ya kuelekeza hukusanya mawimbi ya upande mmoja na kukataa kelele za pande nyingine. Ina nguvu zaidi, ila kila ukiegesha unatafuta mnara upya na kuinua mlingoti. Inawafaa wanaokaa wiki nzima mahali pamoja.

Hakikisha inashika kuanzia takriban 700 hadi 3800 MHz.

### Nyaya na viunganishi

Nyaya fupi. Hapa ndipo faida yote hupotelea. Waya mwembamba wa aina ya RG-58 wenye mita 5 hupoteza nusu ya nguvu au zaidi kwenye 1800 MHz. Waya wa LMR-400 kwa urefu uleule hupoteza karibu dB 1 tu, lakini una unene wa milimita 10 na haukunjiki kirahisi. Kwa hiyo sogeza ruta chini kabisa ya antena badala ya kuvuta waya hadi kwenye kabati la mbele. Wi-Fi itafika kila kona ya gari hata hivyo.

Ruta yenye matundu mawili ya antena ya simu inataka nyaya zote mbili. Yenye manne, zote nne. Kila waya unabeba mkondo wake wa data. Ukiunganisha mmoja tu, unaweza kuona RSRP nzuri na bado kasi ikawa nusu.

Tazama kiunganishi kwa karibu kabla ya kukaza. Cha antena ya simu, SMA, huwa na sindano katikati kwenye upande wa waya. Cha Wi-Fi, RP-SMA, kina nyuzi zilezile za skrubu na kitakaza vizuri kabisa, ila katikati kuna tundu. Ukivichanganya, nyuzi zitashikana huku shaba haigusi shaba. Kaza kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana ndogo, si zaidi.

### Kutoboa

Fanya paa likiwa kavu na gari limesimama sawa, na mtu akishikilia ngazi. Pima kutokea ndani, ukihakikisha hakuna waya, bomba la gesi wala mhimili wa paa. Kaa mbali na paneli za sola kwa sentimita 30 au zaidi, na usiweke antena pembeni ya kiyoyozi kitakachoikinga upande mmoja.

Kwenye bati, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa tundu na uache ikauke. Safisha vumbi lote, zungushia gundi chini ya antena na ndani ya tundu, bana, kisha weka mzunguko wa pili kwa nje. Ndani, acha waya ufanye tumbo kuelekea chini kabla haujaingia kwenye ruta. Tone la maji likipenya litaanguka pale kwenye tumbo badala ya kutambaa hadi kwenye matundu.

Onyo: Vifaa vya kukuza mawimbi vinavyorusha upya ndani ya gari ni jambo jingine kabisa. Nchi nyingi hazivikubali bila kibali cha mtandao husika, kwa sababu vinaweza kuvuruga mnara mzima. Pia vinakuza kelele pamoja na mawimbi, na vingi hubana ile mikondo miwili au minne kuwa mmoja. Kwa data, antena iliyoungwa moja kwa moja kwenye ruta ni bora karibu kila mara.

Utajua umefaulu RSRP ikiwa sawa na ile ya nje ya gari au bora zaidi, na mvua ya kwanza ikipita bila doa kwenye dari.

## Hatua ya 7: Setilaiti, kwa wanaokwenda mbali

Hii ndiyo njia ya pili iliyo bora kuliko zote, maana haishirikiani na mnara kwa lolote. Starlink hutumia setilaiti zinazozunguka takriban kilomita 550 juu, hivyo ucheleweshaji wake huwa wa milisekunde 25 hadi 60, na mazungumzo ya video yanaendelea vizuri. Setilaiti za zamani zilizotulia kilomita 35,786 juu huchelewesha kwa milisekunde 600 hivi. Utasikia watu wakikatizana maneno.

Adui ni mti. Setilaiti hizi zinatembea, na dishi huzirukia moja baada ya nyingine mbinguni. Tawi moja linatosha kukata mtandao kwa sekunde kadhaa kila setilaiti inapopita nyuma yake. Kabla ya kuegesha, tumia sehemu ya programu yake inayokagua anga kwa kamera ya simu. Na usifunge dishi kwenye paa bila njia ya kulitoa: utakapotaka kivuli kwa ajili ya gari, dishi litataka anga wazi. Waya mrefu na stendi ya kulisimamisha chini vinakuacha uvipate vyote viwili.

Kabla ya safari, hakikisha huduma imeruhusiwa katika kila nchi utakayopita, na kifurushi chako kinaruhusu kuhama na, kama unataka, kutumia gari likitembea.

## Hatua ya 8: Wi-Fi ya kambini

Itumie kwa masasisho na kupakua filamu, usiitegemee kwa kazi. Iunganishe kupitia ruta yako ili vifaa vyote vibaki kwenye jina moja la Wi-Fi. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali, ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini karibu tu. Kama kuna ukurasa wa kuingiza nenosiri, ufungue kwa kifaa kilichounganishwa na ruta yako.

## Hatua ya 9: Fanya njia zihamiane zenyewe

Kwenye mipangilio ya ruta, panga kipaumbele: njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha iambie ijaribu mtandao kwa kuita anwani mbili za mtandaoni, kwa mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kila sekunde 5. Majaribio 3 yakifeli mfululizo, ihame. Kurudi kwenye njia ya kwanza kusubiri muda mrefu zaidi, dakika moja au mbili za utulivu, la sivyo itakuwa inarukaruka huku na huko.

Kwa nini kuita anwani? Kwa sababu laini inaweza kuwa na mawimbi mazuri huku data haipiti, na ruta isiyojaribu itang'ang'ania hapo siku nzima.

Kuhama huku bado kunakatiza simu ya video kwa sekunde chache. Kama kazi yako haivumilii hata hizo, zipo huduma zinazotuma data kupitia njia zote kwa pamoja, kama Speedify au SpeedFusion ya Peplink. Fahamu tu kwamba zikitumwa nakala mbili, data inaliwa mara mbili.

Ukiwa hapohapo: badilisha nenosiri la msimamizi wa ruta, sasisha programu yake kabla ya kuondoka, na kwenye kila kompyuta weka alama kuwa mtandao ni wa kulipia kwa kiasi. Bila alama hiyo, sasisho moja la mfumo linaweza kumeza GB kadhaa usiku.

Utajua umefaulu hivi: anzisha simu ya video na rafiki, kisha chomoa njia ya kwanza katikati ya maongezi. Akuone tena ndani ya dakika moja bila wewe kugusa kitu. Rudia kwa njia ya pili.

## Hatua ya 10: Kazi ya kila kituo

Fika mapema, mchana. Kabla ya kusawazisha gari na kutandika kila kitu, soma RSRP na SINR, pima kasi ya kupakia. Ikiwa mbaya, sogea mita 10 au geuza gari. Mawimbi hurudi kutoka kwenye majengo na vilima, na mita chache zinabadilisha namba kwa dB kadhaa.

Jaribu bendi nyingine pia. Ruta hupenda kung'ang'ania 800 MHz kwa kuwa ina nguvu, wakati 1800 yenye RSRP dhaifu kidogo ingekupa kasi zaidi. Funga bendi moja, pima, fungua, jaribu nyingine.

Andika namba kwenye daftari pamoja na mahali. Siku ukirudi, hutapima tena.

## Ikikataa

Ruta inaonyesha mawimbi lakini hakuna intaneti. Hakiki APN, yaani jina la lango la data la kampuni yako. Baada ya kubadilisha laini, hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kisha angalia kama bando limeisha.

Laini inafanya kazi kwenye simu, inagoma kwenye ruta. Masharti ya kifurushi hayaruhusu ruta, au kadi bado ina namba ya siri ya SIM. Iondoe ukitumia simu.

Kasi nzuri, lakini sauti inakwaruza. Kuna kifaa kinachopakia picha au nakala rudufu kimyakimya na kuziba njia ya kupakia. Kisimamishe, au washa kwenye ruta mpangilio wa kutoa kipaumbele kwa simu za video.

Inakatika kila mchana, usiku iko sawa. Gusa ruta. Ikiwa ya moto, ihamishe au toboa matundu ya hewa kwenye kabati.

Inakatika gari likiwashwa. Pima volti wakati wa kuwasha injini. Waya wa ruta huenda umeungwa kwenye betri ya injini badala ya ile ya nyumba.

Hakuna mtandao wowote hata ukisimama nje na simu, na anga limezibwa na miti. Washa gari mkiwa bado na mwanga, mtafute pengine kabla ya kikao cha kesho.